Kipara kinang'aa, kisogo kinawaka moto: Tia maji kwanza!

Wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi na viwanja vya starehe, tuzungumzie kichwa. Siyo akili, hapana. Nasema kichwa chenyewe, hiki cha kuvalia kapelo.

Vipara vimekuwa vingi mjini ile mbaya. Simama dakika kumi tu pale stendi ya Same wakati mabasi ya Dar na Arusha yanashusha na kupakia, utavihesabu mpaka uchoke. Kondakta kipara, dereva wa bodaboda kipara, mwalimu kipara, na siku hizi hata akina dada wamo. Wala si ajabu. Kipara hakitaki kitana, hakitaki dawa ya nywele, hakina kupitwa na wakati. Na kwa joto na vumbi la Same yetu, mji uliokaa upande wa milima usiopata mvua, mtu akijimwagia kikombe kimoja cha maji kichwani anasikia raha mpaka miguuni.

Lakini hebu mwombe huyo mwenye kipara ageuke umwone kisogo. Hapo ndipo kasheshe ilipo! Mbele kinang'aa kama sahani ya harusi, nyuma vipele vimejipanga kama mtu aliyemwagiwa uwele. Anajikuna huku anakuchekea. Ukimuuliza atakwambia ni joto.

Siyo joto, mshikaji. Ni wembe. Nayajua haya kwa sababu yalinikuta, tena yalinikuta siku mbaya kuliko zote.

NYWELE ZILIPONIAGA

Kaka zangu wa rika la juu wanasema wao walianza kunyoa kwa kumuiga Michael Jordan, yule wa Chicago Bulls, ambaye miaka ya 1990 kipara chake kilikuwa kinajulikana dunia nzima. Wengine walizoea tangu shule ya msingi, ambako mwanafunzi mwenye nywele ndefu hurudishwa nyumbani akanyolewe. Wengine walikiacha kichwa JKT, maana kuruta na nywele ni vitu viwili visivyokaa pamoja.

Mimi sikumuiga mtu. Nywele zenyewe ndizo zilizoniaga. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa nazo zote, lakini kufika miaka 23 paji la uso lilianza kupanda juu, zikaingia njia mbili za pembeni kama za gari la ng'ombe. Baba yangu hivyo hivyo, babu mzaa baba hivyo hivyo. Basi nikavaa kapelo mwaka mzima. Kazini kapelo, harusini kapelo, mpirani kapelo. Mtarajiwa wangu alikuwa anajua siri, akanivumilia.

Mwaka 2022 akaniambia, "Nyumbani wanataka kukuona." Kwao ni Mbaga, huko juu milimani. Kisha akaongeza taratibu, "Ila baba hapendi mtu anayevaa kofia ndani ya nyumba."

Moyo ukanipiga paa!

Ijumaa jioni nikaenda kunyoa kipara. Kinyozi simtaji, wala hakuwa mtu mbaya, alifanya kama wengi wanavyofanya. Wakati ule maji Same tulikuwa tunanunua kwa ndoo, na hakuna kinyozi wa kumwaga maji ya kununua kwenye kichwa cha mteja wa buku mbili. Akapitisha mashine mpaka chini. Akanipaka poda. Akavunja wembe, akaanza kukwangua pakavu, kwanza mbele kwenda nyuma, halafu nyuma kuja mbele, kisha akapita tena palepale mara ya tatu ili "king'ae vizuri." Mwisho akalowesha pamba kwa spiriti na kunisugua kichwa kizima.

We! Nilisikia kama nimepakwa pilipili mbuzi. "Vumilia kaka," akasema, "ndiyo inaua wadudu."

Kwenye kioo nikaona bwana mmoja mtanashati. Nikalipa, nikatoka naringa.

UKWENI WANANITAZAMA KICHWA

Jumamosi asubuhi kichwa kilikuwa kinawaka. Ngozi imevimba, ukigusa kama umegusa jeraha. Tukapanda gari kupitia Kisiwani, jua la tambarare linanichoma, jasho la chumvi linashuka juu ya ngozi iliyochubuka. Tulipoanza kupanda mlima upepo ukawa wa baridi, nikapata nafuu kidogo. Tukapokewa vizuri: makande, chai ya tangawizi ya huko huko, maneno mazuri. Lakini nilimwona baba mkwe anazungumza na mimi huku macho yake yako juu ya paji langu.

Tulilala. Jumapili asubuhi nikajipapasa kisogoni, nikakuta vipele, vingine na usaha. Mtarajiwa wangu akatoka jikoni macho mekundu.

"Mama anauliza kama umewahi kupima," akasema.

Msomaji, unajua maana ya swali hilo. Nchi hii imeishi na ukimwi tangu wagonjwa wa kwanza walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, na mpaka leo mtu akiona upele kwenye mwili wa kijana wa mjini, akili yake inakimbilia huko. Nilijisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia. Nilitaka niteremke mlima kwa miguu.

Aliyeniokoa ni babu yake. Mzee huyo ujanani alikuwa kinyozi wa chini ya mwembe, akiwanyoa manamba wa mashamba ya katani kule bondeni Ndungu. Alikuwa amekaa barazani, akaniita.

"Mjukuu wangu, hebu inama."

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Inama."

Akanipapasa kichwa kizima kwa vidole, kama mtu anayechagua parachichi. Halafu akaita kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Huyu hana ugonjwa! Huyu kanyolewa kavu!"

Akanigeukia. "Shule ulisoma?"

"Mpaka kidato cha nne, babu."

"Mwenzako akinyolewa?"

"Wewe tia maji," nikajibu.

"Sasa wewe ulidhani waliosema maji walikuwa wanatania?"

KUMBE NI MAMBO MAWILI

Tangu siku hiyo nimeuliza sana, kwa babu, kwa wauguzi, kwa vinyozi wanaoijua kazi. Nilichojifunza ni kwamba tunayaita yote "vipele vya wembe" lakini ni mambo mawili.

La kwanza ni ngozi kuungua. Wembe ukipita pakavu, au ukiwa butu, au ukikandamizwa, haukati nywele peke yake, unakwangua na ngozi ya juu. Ndani ya saa chache panakuwa pekundu, panawaka, pamevimba. Hilo hupoa lenyewe kwa siku chache kama utaacha kupachokoza.

La pili ni nywele kuota kwa ndani, na hili ndilo letu sisi wenye nywele za kipilipili. Nywele zetu zimejipinda tangu kwenye shina lake ndani ya ngozi. Ukizikata karibu mno na ngozi, ncha inabaki kali kama mkuki. Inapoanza kuota inajikunja, inarudi na kutoboa ngozi, au inageukia humo humo ndani kabla haijatoka. Mwili unaiona kama mwiba wa mtu mwingine, unaanza kupigana nayo. Ndiyo vipele, ndiyo usaha. Hivi huchelewa, hujitokeza baada ya siku moja, mbili au zaidi.

Kwa hiyo kile tunachokilipia, kichwa kiteleze kama yai, ndicho chanzo cha balaa. Hata zile mashine za mkono zenye nyembe mbili tatu, kama Mach3 ya Gillette iliyotoka mwaka 1998, zina mtego wake. Wembe wa kwanza unaivuta nywele, unaofuata unaikata, na inayobaki inazama chini ya ngozi. Mwenye nywele laini zilizonyooka anafurahi. Mwenye kipilipili anaanza kujikuna keshokutwa. Kwetu wembe mmoja mkali unatosha.

SOMO LA BABU

Siku ile babu hakuninyoa. Alinikataza nisiguse wembe mwezi mzima. "Acha ziote, zitajitoa zenyewe," alisema. Akaniambia nikande kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, nisitumbue, nisichokonoe kwa sindano.

Mtarajiwa wangu na mimi tukaenda kupima wote wawili wiki ileile, jambo ambalo tulitakiwa tulifanye hata bila vipele. Mwezi ulipoisha nikapanda tena Mbaga na majibu mkononi na kichwa kimepona. Babu akaleta beseni, akaninyoa polepole, anaeleza kila anachofanya. Nimenyoa hivyo hivyo mpaka leo. Haya, chukua kalamu.

Moja: punguza kwanza. Kama nywele ni ndefu, pitisha mashine au mkasi zibaki fupi kabisa. Wembe siyo panga la kufyekea.

Mbili: tia maji. Hapa ndipo wengi tunakimbia, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Nywele kavu ni ngumu kama waya, nywele iliyokunywa maji inalainika na kukatika bila kulazimishwa. Nyoa baada ya kuoga, au chovya taulo kwenye maji ya vuguvugu, likamue kidogo, lifunike kichwani dakika tatu. Kwa njia hii babu alininyoa kichwa kizima kwa maji yasiyozidi lita mbili, kwa hiyo usiniambie maji hakuna. Na kwa sasa tuna unafuu, maana ule mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe, unaoleta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa mwaka 2025. Kisingizio kimepungua.

Tatu: povu. Ukiwa na krimu au sabuni ya kunyolea, vizuri. Huna? Sabuni ya kuogea isiyo na manukato makali inafaa, ila iwe na povu zito na uliache likae dakika moja au mbili. Sabuni ya mche ya kufulia achana nayo, inakausha ngozi.

Nne: wembe mpya. Wembe wa kawaida bei yake haizidi ya soda, lakini mtu ananyolea mwezi mzima! Wembe butu unavuta nywele badala ya kuikata. Ukianza tu kusikia unavuta, tupa.

Tano: fuata nywele zinakolala. Pitisha kiganja kichwani. Upande unaoteleza ndiko zinakolala, upande unaokwaruza ni kinyume. Kwa watu wengi za juu huelekea mbele, za pembeni na za kisogoni huelekea chini. Utosini huzunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo, hapo zunguka nazo. Anza pembeni na nyuma, malizia utosini, povu lipate muda.

Sita: mkono mwepesi. Usikandamize, wala usivute ngozi ikakaza kama ngoma. Pitisha vifupi vifupi, sentimita mbili tatu, suuza wembe kila baada ya mara mbili. Na usirudie palipokauka. Ukitaka kurudia, paka povu tena.

Saba: ujue pa kuishia. Hapa babu alinishika mkono. Nilitaka nipitishe kinyume nyuma ya shingo ili pateleze. Akasema, "Ukiona pamebaki kama ngozi ya pichi, pongezi, weka wembe chini." Mwenye ngozi isiyo na matatizo anaweza kujaribu kinyume. Wewe unayetoka vipele, usijaribu.

Nane: maliza kwa maji ya baridi. Suuza, kausha kwa kugusagusa na taulo safi, usisugue. Kisha paka kitu laini kisicho na manukato, mafuta kidogo ya mgando au ute wa mshubiri, ambayo huku kwetu Same inaota hata pasipopandwa. Ila ukikata jani la mshubiri, subiri yale maji ya njano yachuruzike yaishe na uyaoshe. Unaotakiwa ni ule ute mweupe wa katikati, yale ya njano yanawasha.

MAMBO YA KUACHA LEO

Kuna desturi zetu za vibandani ambazo lazima tuambizane ukweli.

Spiriti kichwani. Tumeaminishwa kwamba isipochoma, kinyozi hajafanya kazi. Spiriti inakausha ngozi iliyokwanguliwa, inaongeza moto. Kazi yake iwe kwenye mashine: nywele zipigwe brashi zitoke, meno yapakwe spiriti, yaachwe yakauke ndipo aje mteja mwingine. Mwambie kinyozi wako afanye hivyo mbele yako. Siyo dharau, ni haki yako. Mapunye yanapita kwenye mashine kutoka kichwa hadi kichwa bila kupanda basi.

Krimu za ajabu. Ukiota vipele, mitaani kuna mtu atakuuzia kitubu, anakwambia siku mbili vimekwisha. Nyingi zina dawa kali zinazopaswa kuandikwa na daktari. Vipele vinalala kweli, ngozi nayo inalainika kupita kiasi na kuwa dhaifu, halafu vinarudi na ndugu zao.

Kapelo chafu. Umenyoa vizuri, halafu unavaa kapelo ya tangu Januari, imekunywa jasho, inakubana na kusugua kisogo. Unatafuta nini? Fua kapelo, na isibane. Ila kofia yenyewe usiitupe, kichwa kisicho na nywele kinaungua jua, na jua la Same halina utani. Ndugu zetu wenye ualbino wao wasitoke bila kofia pana na mafuta ya kukinga jua.

Kudharau kisogo. Kuna vipele vya nyuma ya shingo ambavyo haviishi, vinakuwa vigumu, vinaungana na kuwa manundu ya kudumu, na nywele hapo hazioti tena. Vinawapata zaidi wanaume weusi. Ukiona dalili hizo, acha wembe, acha kunyolewa chini kabisa, nenda hospitali mapema. Vikishakomaa, matibabu yake ni marefu.

Na kama umefuata yote bado unatoka vipele, basi ngozi yako imekataa wembe. Usibishane nayo. Tumia mashine, acha nywele zibaki milimita moja hivi. Kwa mbali hakuna atakayejua, na wewe utalala usingizi.

WEMBE MMOJA, UKOO MZIMA

Nimalizie na jambo lililonifanya niandike haya.

Yule babu alifariki mwaka jana. Mimi kwa wakati huo nilishakuwa mkwe kamili, mahari nimelipa, au tuseme naendelea kulipa, si unajua tena. Siku ya kumaliza matanga, kwa desturi ya ukoo wao, watu hunyolewa nywele. Nilijua kwamba zamani ulikuwa unatoka wembe mmoja, unapita vichwa vyote, ukisuuzwa kwenye beseni moja. Kwa hiyo nikapanda mlima na pakiti za nyembe mfukoni.

Nilipozitoa, mzee mmoja akaguna. Sisi Wapare tunataniwa kwa ubahili, lakini mzee huyu hakuwa anatania. "Tumekuwa ukoo wa kuogopana?" akauliza. "Damu yetu ni moja. Wembe mmoja unatosha."

Kimya kikatanda. Mimi ni mkwe, sina ubavu wa kubishana na wazee msibani. Nikasema kwa adabu kwamba babu mwenyewe alinifundisha: wembe ni kama mswaki, kila mtu na wake. Nikasema ugonjwa hauulizi ukoo. Virusi vya ukimwi vinaweza kupita kwenye wembe wenye damu mbichi. Homa ya ini aina ya B ni sugu zaidi, virusi vyake vinaweza kukaa kwenye kitu kikavu siku saba na bado vikaambukiza, hata kama damu yenyewe huioni kwa macho. Kusuuza kwa maji hakuviui. Chanjo yake ipo, lakini wangapi kati yetu pale barazani tulikuwa tumechanjwa?

Nikanyamaza. Nilifikiri nimeharibu.

Aliyesimama ni baba mkwe, yule yule aliyekuwa ananitazama paji mwaka 2022. Akachukua pakiti moja mkononi mwangu, akaifungua, akatoa wembe. "Kila mtu wake," akasema. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akavua kofia. "Anza na mimi."

Nikaomba maji ya vuguvugu. Nikamlowesha baba mkwe wangu kichwa, nikamfunika taulo, nikahesabu dakika tatu kimya kimya. Mikono ilikuwa inanitetemeka, siwezi kudanganya. Nikamnyoa kufuata nywele zinakolala, sikukandamiza, sikurudia pakavu. Nilinyoa wanaume kumi na mmoja siku ile, nyembe kumi na moja, na zote tukazitumbukiza chooni zisije zikaokotwa na watoto. Yule mzee aliyeguna alikuwa wa tisa. Wiki iliyofuata nilipiga simu Mbaga kuuliza hali. Hakuna aliyetoka kipele hata mmoja.

Kwa hiyo mshikaji, na wewe dada unayependa kipara, wembe mpya unao, sabuni unayo, na dakika tatu za taulo hazikufanyi uchelewe mahali popote. Usikubali kukwanguliwa pakavu kwa sababu kinyozi ana haraka au wewe una miadi. Na kama mwenzako ananyolewa wewe unasubiri zamu, unajua la kufanya. Tia maji. Ya kweli, ya vuguvugu, kichwani.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaheri kwa sasa, na kisogo chako kitulie.